Muhogo si adui yetu, adui ni njia ya mkato

Swali moja hunijia karibu kila wiki, kila mara likiwa na sura mpya. Mama anataka uji wa mtoto usio na kemikali. Baba anaambiwa dawa fulani ya mizizi ni salama kwa sababu haina kemikali. Kijana ananionyesha pakiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba kilichomo ndani hakina kemikali hata chembe.

Msomaji wangu, chakula cha namna hiyo hakipo. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, sukari ya kwenye embe ni kemikali, na mwili wako wenyewe ni kemikali kuanzia unyweleni hadi ukuchani. Unachotakiwa kuuliza ni kemikali ipi, kwa kiasi gani, na imetayarishwaje kabla ya kufika mdomoni. Leo nataka tulijibu swali hilo kwa chakula tunachokijua sote kusini: muhogo.

Pita Kitomanga, kwenye barabara kuu kati ya Kilwa na Lindi, miezi ya jua kali. Utaona makopa yameanikwa juu ya mapaa, kwenye majamvi na pembeni mwa nyua. Hicho ni chakula cha akiba. Mahindi yakikataa, muhogo upo. Mimi si miongoni mwa wanaosema tuuache. Ila naona tunauzungumzia vibaya: wengine wanauita chakula cha maskini, wengine wanauogopa kama sumu, na wachache mno wanamweleza mama anayeupika ni kitu gani hasa kinachotokea ndani ya mzizi ule. Akielezwa, analinda watoto wake. Asipoelezwa, siku ya njaa atafupisha kazi, na siku hiyo ndiyo ya hatari.

Kichwa cha njiti

Tuanze na kemia kidogo, usikimbie.

Chukua njiti ya kiberiti. Sehemu kubwa ni kijiti tu. Kazi yote iko kwenye kile kichwa kidogo chekundu au cheusi. Ukikikwangua kichwa, unabaki na kijiti cha kuchokolea meno. Molekuli za chakula na za mwili zimejengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Nyingi zina kiwiliwili cha atomi za kaboni zilizoshikana, na juu yake kuna kikundi kidogo cha atomi ambacho ndicho kinachoamua tabia yake. Wanakemia wanakiita kikundi tendaji, kwa kuwa ndicho kinachotenda.

Mfano uko karibu. Tembo la mnazi likiachwa wazi siku kadhaa, linageuka siki. Kilevi cha kwenye tembo kina atomi mbili za kaboni, na mwishoni mwake kuna oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni. Bakteria wakiibadilisha ncha hiyo, wakaongeza oksijeni nyingine na kuondoa haidrojeni mbili, unapata asidi ya siki. Kaboni ni zile zile mbili. Kimoja kinamwangusha mtu njiani, kingine tunatilia kachumbari. Kilichobadilika ni ncha tu.

Sukari imejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni, ndiyo maana inayeyuka haraka kwenye maji. Mafuta yana mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Protini zimejengwa kwa vipande vinavyoitwa asidi amino, na kila kipande kina kikundi chenye naitrojeni upande mmoja na kikundi cha asidi upande mwingine. Vinashikana mkono kwa mkono hadi vinakuwa nyama, nywele au damu. Mbili kati ya asidi amino hizo, methionini na sisteini, zina kitu cha ziada: salfa. Kumbuka salfa hiyo, tutairudia, kwa sababu ndiyo mlinzi wa mla muhogo.

Kilichomo ndani ya muhogo

Muhogo una molekuli inayoitwa linamarini. Kwa kiwiliwili ni mpole: sehemu yake kubwa ni glukosi, sukari ile ile inayozunguka kwenye damu yako. Lakini imebeba kikundi kidogo cha atomi mbili, kaboni moja na naitrojeni moja zilizobanana. Kikundi hicho kikiwa kimefungwa kwenye linamarini, kimetulia. Kikifunguliwa na kutoka, kinakuwa sianidi, sumu kali inayozuia seli zisiweze kutumia oksijeni. Mtu anavuta hewa, damu yake imebeba oksijeni, lakini seli za ubongo na moyo haziwezi kuitumia.

Mmea haujiwekei sumu hiyo bure. Mzizi mzima una linamarini upande mmoja na kimeng'enya cha kuifungua upande mwingine, na kati yao kuna kuta za seli. Nguruwe pori au panya anapouma mzizi, kuta zinavunjika, vitu hivyo viwili vinakutana, na sianidi inatoka. Ndiyo maana mkulima anayesumbuliwa na nguruwe na nyani anapenda kupanda muhogo mchungu. Hana ujinga. Anajua shamba la muhogo mtamu litaliwa na wanyama kabla yake, na wezi nao hawaling'oi muhogo mchungu kwa urahisi kwa kuwa hauliki papo hapo.

Sasa angalia uzuri wa maarifa ya bibi zetu. Silaha ile ile ya mmea ndiyo wanayoitumia kuondoa sumu. Ukimenya, ukatwanga, ukakuna au ukaloweka muhogo hadi ulainike, unavunja kuta za seli. Kimeng'enya kinaikuta linamarini, kinaifungua, na sianidi inatoka kama gesi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto karibu 26 tu, na mchana wa Lindi unazidi hapo bila shida. Kwa hiyo jua, hewa na muda vinaimaliza kazi. Bibi hakuwa na maabara, lakini alichokuwa anafanya ni kemia, tena ya uhakika.

Hapo ndipo unapoona kwa nini kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Ukiutumbukiza mzizi mzima kwenye maji ya moto, unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Linamarini yenyewe haiogopi moto wa chungu. Sehemu yake inaingia kwenye maji, nyingine inabaki ndani ya kipande, unakila, na bakteria wa utumbo wako wanaweza kuifungua humo humo tumboni.

Makopa nayo yana hila yake. Ukiuanika mzizi mzima au vipande vikubwa bila kuvunda wala kuponda, unakauka kabla kazi haijaisha. Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi. Maji yakikauka, kinasimama. Sehemu ya linamarini inabaki mle ndani ya unga mweupe mzuri usio na harufu yoyote ya kukushtua.

Haya yametokea, si ya kubuni

Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame uliwakuta watu wakitegemea muhogo mchungu. Njaa ikabana, watu wakafupisha siku za kuuandaa. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipata kupooza miguu. Daktari Hans Rosling, Msweden aliyekuwa ametumikia wilayani Nacala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza ugonjwa huo, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti aliifanyia kazi ya muhogo.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Ulielezwa kitabibu kwanza mwaka 1938 huko Kongo, na jina lake ni la Wayaka wa eneo la Kwango, likimaanisha miguu iliyofungwa. Kwetu Tanzania ulionekana Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukajitokeza kusini, Mtwara na Mbinga. Kabla ya hapo, mwaka 1988, wilayani Masasi watu walipata sumu ya ghafla baada ya kula ugali wa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Dk. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzake, waliyachunguza matukio haya na njia za kusini za kusindika muhogo, ikiwemo ile ya haraka inayoitwa chinyanya, ambapo muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, na unga unakuwa tayari ndani ya siku moja.

Usinielewe vibaya kuhusu chinyanya. Kutwanga ni jambo jema, kunavunja kuta. Tatizo ni muda. Linamarini ikishafunguliwa, kuna hatua ya katikati kabla sianidi haijatoka yote, na hatua hiyo inahitaji saa za kutosha. Unga ukiingia chunguni mapema mno, kazi inakuwa haijakamilika.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula chakula cha unga wa muhogo. Wengi wa kwanza kuugua walikuwa wamekula msibani. Kiwango cha sianidi kwenye unga kilikuwa mara kadhaa ya kile cha miligramu 10 kwa kilo kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo.

Tazama mnyororo unaojirudia: ukame, njaa, muhogo mchungu, haraka. Ukame wenyewe unaongeza linamarini kwenye mizizi, hata ile ya muhogo tuliozoea kuuita mtamu. Yaani mwaka ambao muhogo unahitaji kuandaliwa kwa uangalifu zaidi ndio mwaka ambao mama ana muda mchache zaidi, watoto wanalia, na chungu hakina kitu.

Salfa: mlinzi anayekosekana mezani

Sasa turudi kwenye ile salfa. Ajabu ni kwamba neno letu kiberiti, kabla halijawa jina la njiti za kuwashia moto, ni jina la salfa yenyewe.

Mwili haukuachwa bila kinga. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukamata sianidi na kuibandika atomi moja ya salfa. Ikishabandikwa, inakuwa kitu kingine, thiosianeti, ambacho ni hafifu mno kwa sumu na kinatoka kwa mkojo. Angalia ulivyo udogo wa jambo: atomi moja tu imeongezwa, na sumu ya kuua imekuwa taka ya kawaida. Hata hospitalini, moja ya dawa za sumu hii, thiosalfeti ya sodiamu, inafanya hivyo hivyo: inauletea mwili salfa.

Dawa nyingine ni aina ya vitamini B12 inayochomwa kwa sindano. Inaikamata sianidi na kuwa aina ile ile ya B12 unayoikuta kwenye vidonge vingi vya dukani. Ndiyo, vidonge vyako vya B12 vina kikundi hicho hicho cha kaboni na naitrojeni, lakini kimeshikwa kwa nguvu na kwa kiasi kidogo mno, hakina madhara. Hapa ndipo ninapomjibu yule kijana mwenye pakiti: kuogopa jina la kemikali hakukusaidii. Kujua imeshikwaje na ni kiasi gani ndiko kunakokusaidia.

Swali ni salfa hiyo mwili unaipata wapi. Unaipata kwenye protini, kwenye zile asidi amino mbili. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa samaki ana akiba. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa mboga ya majani asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, akiba yake inaisha, na sianidi kidogo kidogo inayoingia kila siku haina wa kuikamata. Konzo inahusishwa na mambo hayo mawili yakikutana kwa wiki kadhaa: sianidi nyingi na salfa kidogo. Ndiyo maana nyumba mbili zinaweza kula unga wa soko moja, moja ikaumia na nyingine ikapona.

Kisamvu tunakipenda, na kina protini. Lakini protini yake ina upungufu wa methionini, kwa hiyo usikitegemee peke yake kwa kazi hii. Kunde na choroko zinasaidia, japo nazo si tajiri wa salfa. Wanaoongoza ni samaki, dagaa, mayai, nyama na maziwa. Na kuna mmoja ambaye mkoa wa Lindi unamlima kwa wingi na kumsahau jikoni: ufuta. Protini ya ufuta ina methionini nyingi kuliko mbegu na maharage mengi.

Hapa nina neno na wazazi. Msimu wa ufuta ukifika, gunia linakwenda mnadani lote. Dagaa wakikauka, wanapakiwa wote kwenye gari. Kuku akitaga, mayai yanapelekwa kwa mama ntilie. Fedha inahitajika, najua. Ada, sare na matibabu havisubiri. Lakini bakiza. Debe moja la ufuta nyumbani, likikaangwa, likatwangwa na kutiwa kwenye mboga au uji wa mtoto kwa mwaka mzima, halitaufilisi mkono wako. Tunauza salfa, tunabaki na linamarini. Biashara hiyo haina faida.

Kuna gharama nyingine ya thiosianeti ambayo wagonjwa wa tezi la shingo wanapaswa kuijua. Inashindana na madini joto kuingia kwenye tezi hilo. Mla muhogo mwingi anayetumia chumvi isiyo na madini joto ana hatari zaidi ya kuvimba rovu. Ukanda wetu unazalisha chumvi ya bahari, na si yote inayotiwa madini joto. Angalia pakiti kabla ya kununua. Hasa ukiwa mjamzito, usipuuze hili, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye tumboni unahitaji madini hayo.

Jikoni, fanya hivi

Menya ganda lote, la nje na la ndani, kwa sababu humo sumu ni nyingi kuliko kwenye nyama ya mzizi. Muhogo ukiwa mchungu, usiuchemshe wala kuuchoma ukala. Uloweke kwenye maji siku tatu au nne hadi ulainike na kuanza kuchachuka, uukamue, umwage maji, uanike hadi ukauke kabisa, ndipo utwange. Njia hii inaondoa sehemu kubwa sana ya sumu. Mahali ambapo maji ni ya shida, hakikisha angalau umeuponda au kuukuna kabla ya kuuanika, na uupe muda.

Ukinunua unga sokoni hujui ulivyoandaliwa. Kwa unga huo kuna njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imefundishwa Mtwara na Mbinga baada ya konzo kutokea huko. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, na utie alama pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha. Utandaze juu ya jamvi au sinia kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja. Uache kivulini saa tano, au juani saa mbili. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo. Maji yanakiamsha kimeng'enya kilichobaki kwenye unga, kinamalizia linamarini iliyosalia, na gesi inatoka. Njia hii inapunguza sianidi hadi kubaki theluthi moja au chini ya hapo. Katika kijiji cha Kay Kalenge huko Kongo, wanawake walipoitumia, hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana katika kipindi cha ufuatiliaji.

Haigharimu kitu zaidi ya maji, sinia na subira ya saa chache. Na wanawake waliofundishwa walisema ugali wake unapoteza ule uchungu. Wakati unga umetandazwa, nenda kachote maji.

Kisamvu twanga kwelikweli kinuni au kwenye mashine, kisha kichemshe chungu kikiwa wazi ili mvuke utoke. Majani yana sumu nyingi kuliko mizizi. Kinu ndicho kinachotuokoa. Kukatakata majani kwa kisu na kuyachemsha haraka si sawa na kuyatwanga.

Mtoto mdogo usimfanye mla muhogo mtupu. Mwili wake ni mdogo, kiasi kile kile cha sumu kwake ni kikubwa. Uji wa muhogo ukichanganywa na ufuta uliosagwa, dagaa waliosagwa au yai, una nguvu na ulinzi. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili. Watoto wanaonyonya ni nadra kupata konzo.

Dalili za kukufikisha hospitali

Sumu ya ghafla inakuja saa chache baada ya kula: kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, mwili kulegea. Ikizidi, kupumua kwa haraka, degedege, kupoteza fahamu. Watu wawili au zaidi waliokula sufuria moja wakianza kutapika kwa pamoja, usisubiri asubuhi. Usimlazimishe mgonjwa kutapika, usipoteze muda kutafuta maziwa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue unga uliobaki uwaonyeshe. Waambie wazi mlichokula. Ukificha kwa aibu ya umaskini, mhudumu anaweza kutibu malaria wakati tatizo ni jingine.

Konzo inakuja kwa namna nyingine. Mtu amelala mzima, au ametoka shambani mzima, na ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Anatembea kwa vidole, magoti yakigongana, au hawezi kusimama kabisa. Kwa kawaida hana homa, na hisia za ngozi zipo. Haiui kwa kawaida na haiendelei kuzidi baada ya siku chache za mwanzo, lakini madhara yake ni ya kudumu. Hatuna dawa ya kuirudisha miguu ilivyokuwa. Tuna mazoezi ya viungo, magongo na wakati mwingine upasuaji wa kano. Ndiyo maana nasisitiza kinga.

Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 akipata udhaifu wa ghafla wa mguu au mkono, mlete haraka hata kama unadhani unajua sababu. Inaweza kuwa polio, ambayo mara nyingi huulegeza mguu badala ya kuukakamaza, na serikali inahitaji kujua. Na tafadhali, usianzie kwa mganga. Watu kadhaa wa kijiji kimoja wakikakamaa miguu msimu mmoja, wenzetu husema ni uchawi na vidole vinaelekezwa kwa bibi kizee fulani. Bibi huyo hana kosa. Huenda yeye ndiye pekee aliyekuwa akiwaambia wakwe zake muhogo huu bado, uacheni siku mbili nyingine.

Neno kwa wanaotoa elimu ya afya

Wenzangu wa afya na maafisa ugani, nasi tuna la kusahihisha. Tunapenda kutoa amri: loweka, anika, usile mchungu. Amri isiyo na sababu hufuatwa wakati wa shibe na huachwa wakati wa njaa, na kwenye muhogo njaa ndiyo wakati wenyewe. Mama anayejua kwamba anasubiri gesi itoke atajua pia kwamba kuponda zaidi kunasaidia, kwamba kutandaza tabaka nene kunazuia, kwamba mwaka wa ukame anahitaji siku zaidi. Anaweza kufikiri mwenyewe pale ambapo sisi hatupo. Kemia ya darasani tunayowakaririsha wanafunzi wa sekondari ingeshika zaidi kama ingeanzia kwenye kinu cha nyumbani kwao.

Pili, tahadhari ya ukame isiishie kwenye bei ya mahindi. Mvua zikikatika, ujumbe wa muhogo utoke mapema: kwenye redio, kwenye kliniki ya watoto, msikitini baada ya swala, kanisani baada ya ibada, na kwenye mashine za kusaga ambako kila nyumba hufika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe sinia na wafundishe kwa kuonyesha, siyo kwa bango.

Wewe msomaji usisubiri tangazo. Leo jioni, kabla ya kusonga ugali, uliza unga huu ulilowekwa siku ngapi. Kama hakuna anayejua, ulowanishe, uutandaze, subiri. Na kwenye sahani ya mtoto, pembeni ya tonge, pasikose samaki, dagaa, yai au kijiko cha ufuta.